Subirani, Nchi ya Moto wa Muda

Namna nilivyofika Subirani si habari. Waliowahi kufika huko wanaijua njia, na wasiofika hawataipata hata nikiwachorea. Ninalotaka lieleweke mapema ni kwamba yote nitakayoyasimulia niliyaona kwa jicho langu la kulia. La kushoto lina mtoto wa jicho, kwa hiyo sikuliruhusu lishuhudie chochote.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba nchi nzima ilikuwa imesimama. Fundi cherehani alishona amesimama, wacheza bao walicheza wamechuchumaa, na mzee mmoja alikuwa katika usingizi wa mchana, wima, ameegemea ukuta kama ufagio. Nikafika kwenye nyumba isiyokuwa na mlango, nikapiga hodi kwa kinywa, na sauti ya mwanamke ikanijibu kutoka ndani: "Karibu, baba. Karibu usimame."

Huyo alikuwa Bi Sikudhani, mjane mfuga kuku, ambaye kwa umri angeweza kuniita kaka, ila mvi zangu zilimchanganya. Alinipa uji wa vuguvugu. Nilipotupa macho huku na huku kutafuta pa kuweka makalio, akanieleza utaratibu wa kwao, tena kwa utulivu, kama mtu anayemweleza mwenziwe kwamba maji huteremka mlima.

Subirani kiti ni cheo. Mwenye kiti cha mgongo na mikono ni waziri. Mwenye stuli ni diwani. Asiye na chochote cha kukalia ni raia tu, na raia husimama. Yeye Bi Sikudhani alikuwa na kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, na kwa kuwa kinakalika, sheria ilimhesabu miongoni mwa watu. Nazi yenyewe walikwisha kuisahau, lakini kibao kilimpa ruhusa ya kuingia ofisini na kusema neno.

Nikamuuliza viti vingine vilikwenda wapi. Akasema viliungua.

Miaka arobaini iliyopita kuni za Subirani ziliisha, nchi ikalazimika kuchagua moto mpya. Wako waliotaka makaa ya mawe, ambayo yamejaa chini ya milima yao. Wako waliotaka nyuklia. Wako waliotaka jua na upepo. Wakashindwa kuelewana, wakapelekana mbele ya Baraza, na Baraza, kwa kutaka haki itendeke, likatoa zuio: hadi shauri litakapoamuliwa, asionekane mtu akitumia moto wa upande wowote, asije akaupendelea. Wakati wa kungoja, kila mmoja awashe alichonacho nyumbani. Huo ukaitwa Moto wa Muda, na muda uliotajwa ulikuwa wiki mbili.

"Tulianza na vitanda," Bi Sikudhani akasema. "Tukaambiana, wiki mbili mtu akilala chini ana nini."

Vitanda vilifuatwa na makabati, makabati na milango, milango na vinu na michi yake. Mwaka wa tisa waliunguza mipini ya majembe na ya mashoka. Kila kitu kilichomwa kwa muda tu.

Na zuio lilisimamiwa, msidhani lilikuwa la mchezo. Watu walitembea na miavuli mchana kutwa, si kwa kuogopa joto bali kwa kuogopa kesi, maana jua lilikuwa mdaawa. Aliyethubutu kuanika shati nje alitembelewa na askari wa Kikosi cha Kivuli, ambaye alilianua, akalichovya tena majini, akamkabidhi mwenyewe kwa heshima zote likiwa linadondoka. Upepo nao ulikuwa na kesi, kwa hiyo mchele ulipepetwa chumbani, kwa mdomo. Niliiona familia ya watu sita imeuzunguka ungo mmoja, inapuliza kwa zamu, mashavu yamewavimba kama ya wapiga tarumbeta.

Ndipo nikaona chungu. Kilikuwa kipana, kimejaa mchanga, na chini yake vipande viwili vya moto vilikuwa vikipumua kwa taabu. Ndani ya mchanga mlikuwa na mayai sitini. Kuku wa Subirani walikuwa wameacha kuatamia tangu masanduku yao yalipochomwa. Walitaga wamesimama, kama walivyowaona wenye nyumba, na yai likianguka linapasuka. Haya sitini Bi Sikudhani aliyadaka kwa mkono, siku tisa akiwanyatia kuku kwa nyuma, kanga imetandazwa, kama mwizi.

Siku niliyofika ilikuwa ya kumi na nane tangu ayatie mchangani. Zilibaki tatu. Alilitoa yai moja akaligusisha kwenye kope ya jicho lake, kwani ndivyo apimavyo joto, kisha akalirudisha taratibu.

"Yakipoa nusu siku tu, nimewazika kuku wa mwisho wa nchi hii," akasema. "Hao wanaotembea hapo nje wote ni bibi vizee."

Nikamuuliza amebakiwa na nini cha kuchoma. Akakitazama kile kibao chake. Kingetosha hadi kesho jioni, na kikiisha, yeye si mtu tena. Mimi kwa ugeni wangu nikasema jua lilikuwa linawaka hapo nje bure. Akaniangalia kana kwamba nimemshauri ayakaange mayai na kitunguu.

"Baba, hilo jua lina kesi."

Halafu akanionyesha karatasi aliyoitunza kifuani, imekunjwa hadi inakaribia kukatika. Ilikuwa ombi lake la kupewa ubao mmoja wa umma. Alikuwa ameliwasilisha miaka sita nyuma, likapita meza kumi, likapigwa mihuri kumi. Ilibaki sahihi ya Mwamuzi wa lile shauri la moto tu, na Mwamuzi alikuwa amefariki.

Asubuhi yake alinijia Spika Shekue mwenyewe, mzee mrefu mwenye kanzu iliyoingia moshi, makarani wawili nyuma yake wamebeba kiti chake. Kilikuwa kiti cha mwisho cha mgongo na mikono katika Subirani yote; mawaziri waliokuwa na viti vya namna hiyo walikuwa wameshajishusha vyeo wenyewe, mguu mmoja baada ya mwingine. Akaketi, nikasimama, akanieleza shida yake. Sheria ilitaka Mwamuzi awe mgeni, kwa kuwa kila mzawa ameshaota moto wa upande fulani tangu tumboni mwa mama yake. Tena asijue chochote kuhusu moto, kwani anayejua ameshaegemea.

"Wewe unajua moto unavyofanya kazi?" akaniuliza.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa mchochea tanuri katika kiwanda cha katani, na kovu la mkono ninalo hadi leo. Nikamjibu kwamba moto nausikia kwa watu tu. Alifurahi sana, na akanijulisha kwamba Mwamuzi hufungiwa ndani ya ukumbi mpaka shauri liishe. Aliyenitangulia alikuwa mwuza chumvi. Alifika Subirani kuuliza njia, akaamua kwa miaka kumi na tatu, akafa kabla ya hoja ya pili.

Kwa kawaida mtu mwenye akili hapo angetafuta pa kukimbilia. Mimi niliuliza jambo moja tu: kama Mwamuzi huweza kutia sahihi kwenye maombi ya wananchi. Spika akasema ndiyo, kila asubuhi, ni mapokeo. Nikakubali kazi.

Ukumbi wa Baraza ulikuwa jengo la mawe lisilo na dirisha hata moja. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa tofali, maana haifai mdaawa kuchungulia shauri lake. Kulikuwa na mlango mmoja wa mninga, unene wa kiganja, na komeo kwa nje. Mwanga wa ndani ulitoka kwenye sinia la chuma, ambamo karani alikuwa akichoma karatasi. Nikamuuliza ni karatasi gani. Akasema ni kumbukumbu za kikao cha jana. Ndizo zilizokuwa taa ya kikao cha leo, na za leo zingekuwa taa ya kesho. Hapo nikaelewa kwa nini hoja ya kwanza ilikuwa na umri wa miaka arobaini na bado ni mbichi kama maziwa ya asubuhi. Nikamuuliza kama hawajawahi kufikiria kuzihifadhi. Akasema pendekezo hilo lilishapitishwa, limo kwenye kumbukumbu.

Alianza Bwana Ngwali, msemaji wa makaa ya mawe. Alisema saa nzima, na kila baada ya sentensi alikohoa, na wafuasi wake wakakohoa kumwitikia, kwa sauti nne tofauti, vizuri tu. Hoja yake ilikuwa kwamba makaa ni urithi, na kwamba moshi haujamdhuru mtu. Babu yake aliuvuta hadi siku ya mwisho ya maisha yake.

Nikauliza babu alifariki lini.

"Akiwa kijana bado," akasema kwa fahari.

Akafuata Daktari Haidari wa nyuklia, mtu nadhifu, mwenye kalamu tano mfukoni. Alisema kijiwe kisichozidi yai kingeiangazia Subirani kwa kizazi kizima, na hapo sikumcheka, kwa sababu hesabu zake zilikuwa safi kuliko za Ngwali. Ni majivu tu, akasema, yangehitaji kulindwa kwa miaka elfu kumi. Nafasi ya mlinzi ilishatangazwa. Sharti lilikuwa uzoefu wa kazi hiyo usiopungua miaka elfu kumi, na walijitokeza waombaji wawili, wote wana vyeti. Nilipouliza mtambo utajengwa wapi, akasema ni salama kabisa. Nikarudia, wapi. Akasema mbali.

Wa mwisho alikuwa Bwana Pandu, msemaji wa jua na upepo, kijana wa miaka sitini. Yeye alikuwa ameapa kufanana na hoja yake, hivyo alisema jua likiwapo tu, na kwa kuwa ukumbi hauna dirisha, mpambe wake aligonga mlango mara moja kumjulisha wingu limefika na mara mbili limeondoka. Alikuwa anaeleza vizuri mno. Jua ni la wote, akasema, halichimbwi, halikohozi, na wala hali... Mlango ukagongwa mara moja, akanyamaza mdomo wazi, tukamngoja robo saa. Alipofunguka nikamuuliza usiku watafanyaje. Akasema lipo sanduku la kuhifadhia jua, limeshaagizwa, liko njiani. Tangu lini? Tangu baba yake alipokuwa katika nafasi hiyo.

Wote watatu walikuwa na jambo la kweli ndani ya maneno yao, na ndilo lililonisikitisha. Niliyemwona hana wakati wa kungoja alikuwa mmoja tu, naye hakuwamo ukumbini.

Kesho yake, siku ya ishirini, komeo likafunguliwa kwa ajili ya maombi. Bi Sikudhani alikuja na chungu chake kichwani. Kibao kilikwisha kuungua. Alibaki na ule ubapa wa chuma wa kukunia nazi, ameuchomeka kiunoni kama nishani. Karani akamzuia hapo hapo kizingitini, kwa kuwa raia asiye na kiti haruhusiwi kuingia. Akasimama mlangoni, bega limeegemea mninga, akanyoosha karatasi, nayo ikanifikia kwa kupita mikono sita.

Nikaisoma kwa sauti, kama wajibu wangu ulivyotaka: mwombaji aruhusiwe kuchukua, kwa matumizi ya muda, ubao mmoja wa umma ulio karibu naye kuliko yote. Nikatia sahihi.

Spika Shekue akasema kwa upole kwamba lilikuwa jambo la huruma, lakini bahati mbaya ubao wa umma umekwisha nchini.

"Upo," nikasema. "Ameuegemea."

Ukumbi mzima ulimgeukia, naye akageuka kuutazama mlango. Karani akaikagua karatasi na mihuri yote kumi, akaihesabu sahihi yangu ikawa ya kumi na moja, na akasema hana la kufanya, imekamilika. Bi Sikudhani aliutua mzigo wake, akachomoa ule ubapa kiunoni, akaanza kufungua bawaba. Alifanya bila haraka, skrubu moja baada ya nyingine, mbele ya Baraza zima. Ya mwisho ilipotoka, mlango ukaangukia nje, puu, na jua likaingia hadi miguuni pa Spika.

Waheshimiwa walifungua miavuli. Pandu alianza kusema bila kugongewa. Ngwali akadai mdaawa ameingia bila kuitwa, atolewe. Haidari akauliza atatolewaje, na hilo likajadiliwa. Nikaona nisaidie. Nikaamua kwamba mwanga ulioingia upokelewe kama kielelezo, na karani akasoma kanuni: kielelezo hakiondolewi wala hakibadilishwi hali yake hadi shauri litakapokwisha. Walipokuja kufunga miavuli, Bi Sikudhani alikwisha kukisogeza chungu katikati ya ule mwanga na kukifunika kanga. Karani, mtu makini, akakiandika: kielelezo namba mbili, chungu, hali yake vuguvugu.

Tulikaa vizuri hadi alasiri. Kisha likaja wingu zito, Pandu akanyamaza, na mchanga ukaanza kupoa. Bi Sikudhani alijaribu kuupasua ule mlango, lakini ulikuwa na unene wa kiganja, na mashoka yote ya Subirani hayana mipini. Aliupiga kwa ubapa, kwa jiwe, kwa kisigino. Mninga haukumjali. Akachuchumaa kando ya chungu, akawa anayashika mayai kwa viganja, mawili mawili, ili kuyapa joto lake mwenyewe. Nilihesabu. Yalikuwa sitini, na yeye ana mikono miwili.

Karani akakohoa, si kwa itikadi, akamkumbusha Spika kwamba kielelezo kikipoa kitakuwa kimebadilishwa hali, na mtunza vielelezo ni Spika, na adhabu yake ni kuvuliwa cheo. Macho yote yakaenda kwenye kitu cha mwisho cha mti kilichobaki ukumbini. Mzee Shekue alikuwa amekikalia. Akikichoma, hana cheo. Asipokichoma, anavuliwa. Nilimwona anavyopiga hesabu hiyo mara mbili, mara tatu, akitafuta mahali ilipokosewa.

Bi Sikudhani akainuka na yai moja. Hakumbembeleza. Alilisogeza sikioni mwa Spika.

"Sikiliza, mzee wangu."

Mzee alisikiliza. Ndani ya yai siku ya ishirini huwa kuna mgoto mdogo sana, kama wa ukucha juu ya meza, na sauti kama ya mtu aliyeamshwa mapema. Uso wake ukabadilika.

"Anabisha hodi," akasema.

"Naam. Na mwenye nyumba ni wewe."

Spika akasimama. Viungo vyake vilialika kuliko kiti chenyewe. Akakitazama kidogo, akakilaza ubavu, akakivunja kwa mguu wake mwenyewe, na akawa wa kwanza kuketi sakafuni, karibu na moto, akichochea vibaya. Nilivumilia nikashindwa. Nikamwonyesha jinsi ya kupanga vipande ili hewa ipite chini, na tangu hapo nadhani alijua nilimdanganya, ila hakusema.

Kiti kimoja hakimalizi usiku. Yaliyofuata yalitendeka kwa wizi. Ngwali alidondosha donge la makaa ya mawe motoni, kwa bahati mbaya, kisha bahati hiyo mbaya ikampata mara tatu. Haidari hakuwa na kijiwe, hajawahi kuwa nacho, lakini alivua koti lake akakifunika chungu, akasema joto halipaswi kuvuja, na kwa kweli hapo alikuwa fundi. Asubuhi wingu lilipoondoka, Pandu alikuwa ameshaketi mahali mwanga utakapoangukia, akilinda nafasi.

Vifaranga hamsini na watatu walitoka kabla ya adhuhuri. Bi Sikudhani hakupiga kigelegele. Alikaa tu akawa anawahesabu kwa kidole, anakosea, anaanza upya, machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

Baraza lilirudi kazini mara moja. Ngwali alisema hao ni vifaranga wa makaa. Pandu akasema mwenye macho ameona nani aliyewatoa. Haidari akasema bila koti wangekuwa mayai ya kukaanga baridi. Wakabishana mpaka karani akapendekeza waitwe mashahidi wenyewe, na kwa kuwa bado ni wachanga, shauri liahirishwe hadi watakapokuwa kuku. Lilipita bila kupingwa.

Kulikuwa na hoja moja ya mwisho, ya kurudisha mlango. Karani alipekua kanuni zake kwa muda mrefu. Mlango umechukuliwa kwa matumizi ya muda, akasema, na utaratibu wa kumaliza kitu cha muda haupo. Katika miaka arobaini hakuna aliyewahi kuuhitaji.

Kwa hiyo ukumbi wa Subirani uko wazi mpaka leo. Siku hiyo hiyo wanawake wawili waliingia na nguo mbichi wakazitandaza kwenye ule mwanga, kwani humo ni ndani wala si nje, na askari wa Kikosi cha Kivuli alisimama kizingitini akizitazama zinavyokauka bila kupata kifungu. Mlango wenyewe ulibaki ulipoangukia. Kwa kuwa haukupasuka, watu waliukalia, kumi na mmoja kwa mara moja, na Mzee Shekue alipofika wakasogea kumpisha kipembe.

Nami nilikuwa bado Mwamuzi, mfungwa wa kisheria, asiyeruhusiwa kutoka hadi shauri liishe, ila mlango wa kunifungia haukuwapo tena. Nikatoka. Bi Sikudhani aliniona nikipita, akiwa amekaa ukingoni mwa ule mlango, kifaranga mmoja amelala kwenye pindo la kanga yake.

"Karibu tena, baba," akaniambia. "Ukija, utakaa."